Bao la Mwambani Nakuru

Wazee wa barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, waliponiona na shanta mgongoni walicheka. "Nakuru kuna nini cha kale? Mji wa reli ule!" Nami, nakiri, niliafikiana nao. Reli ilifika huko mwaka 1900, na hadhi ya jiji ikaja Desemba 2021. Kwetu iko misikiti ya karne kadhaa.

Baada ya sala ya alfajiri nilitembea kwa miguu hadi Hyrax Hill, kilima kilicho nje kidogo ya mji. Hapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, akafukua makaburi na makazi ya watu wa Zama za Mawe. Nilipita harakaharaka, mpaka mwamba mmoja ukanisimamisha: mashimo yamechongwa safu kwa safu. Lahaula, bao! Si la kubebwa kwapani kama letu, jiwe lenyewe. Nani aliketi hapa, akimcheka nani kwa kufungwa? Nilichuchumaa, nikaokota vijiwe, nikacheza peke yangu huku ziwa likimeta kule chini.

Niliporejea barazani, hakuna aliyecheka. Fundi wetu wa bao aliuliza moja tu: "Mashimo mangapi?"

Sikuyahesabu.