Volkswagen Haina Redieta: Tuipoze Namna Gani?

Wengi wetu tunaijua ile Volkswagen ya zamani, Beetle, yenye mgongo kama wa kobe. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Ya mwisho ilitengenezwa Mexico mwaka 2003, kwa hiyo ukiwa nayo, itunze.

Kikundi kimoja hapa Cheptiret walikuwa nayo ya kubeba maziwa, na usiku mara nyingine mgonjwa. Injini ilikufa wakipanda kwenda Timboroa. Tulipokwenda kuwaona tulikuta fulani aliwashauri watoe bati zinazozunguka injini, ati hewa iingie vizuri. Hata sisi tungekubali, maana inasikika kama akili.

Gari hii haina maji. Feni kubwa iliyo nyuma inasukuma hewa katikati ya mapezi ya silinda, yaani zile kingo nyembamba za chuma zilizopangana, na hewa inaondoka na moto. Oili nayo inapozwa na hewa hiyo hiyo. Sasa fikirini mfereji wa shamba: ukibomoa kingo, maji yanamwagika kabla ya kufika kwenye mboga. Bati ndizo kingo za hewa. Mipira inayoziba pembeni mwa injini na kwenye plagi ina kazi pia, kwa sababu ikikosekana, feni inavuta tena hewa moto iliyokwisha kutoka chini.

Feni na dainamo vinazungushwa na mkanda mmoja. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka mnapoendesha, simameni hapo hapo, hata kama mmebakisha kidogo kufika. Huenda mkanda umekatika, na gari hii haina saa ya kuonyesha joto. Injini inaweza kuharibika kwa dakika chache tu. Kila wiki, injini ikiwa imezimwa, bonyezeni mkanda katikati kwa kidole gumba: ulegee kama sentimita moja na nusu. Ukizidi, fungueni nati ya puli ya dainamo kwa spana ya 21, mtoe washa moja katikati ya puli, muiweke nje chini ya nati. Msiitupe! Mkanda mpya utaihitaji. Mkanda wa akiba ukae garini daima.

Oili ni lita 2.5 tu, basi ikipungua kidogo ni hasara kubwa. Badilisheni kila kilomita 5,000, na mapema zaidi wakati wa vumbi. Oili ikivuja, vumbi linaganda juu ya mapezi kama matope. Na mkilaza gari karibu na ghala la mahindi, mmulike ndani ya feni kwa tochi: panya wanapenda kujenga humo.

Jambo moja kwa dereva. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari; hewa ni baridi lakini nyepesi, haibebi moto mwingi. Mlimani shusha gia mapema. Injini ikivutwa polepole na gia kubwa, feni nayo inazunguka polepole.

Zile bati tulizikuta zimeziba banda la kuku. Mbili hazijaonekana, na fundi amekataa kufunga injini nyingine mpaka zipatikane.