Fahamu: Kamera ipi ya fokasi otomatiki inafaa lenzi za zamani?

Swali lenyewe
Lenzi za zamani hufokasiwa kwa kuzungushwa kwa mkono. Ukizifunga kwenye kamera ya filamu yenye fokasi otomatiki, kasi ya fokasi hiyo haina kazi tena. Kinachobaki na maana ni mambo mawili: je, lenzi inaingia, na je, kipima mwanga kinafanya kazi?

Nikon au Canon?
Nikon imedumisha kiungio cha F tangu 1959, lakini kuingia tu hakutoshi. F4 ya 1988 na F100 ya 1999 hupima mwanga kwa lenzi za Nikon za aina ya AI, zilizoanza 1977. F80 huzipokea huku kipimo kikizimika. Canon EOS, iliyoanza 1987, ina umbali wa milimita 44 tu kati ya lenzi na filamu, hivyo adapta nyembamba huiwezesha kutumia lenzi za kiungio cha M42 na za Nikon. Gharama yake ni kwamba unabana tundu la lenzi mwenyewe, na kioo cha kutazamia kinafifia.

Kwa nini usinunue kamera ya fokasi ya mkono?
Hoja hii ina uzito, kwa kuwa vioo vya kamera za otomatiki aghalabu havina alama ya kugawanya picha inayosaidia kufokasi kwa mkono. Hata hivyo, F100 huwasha taa fokasi inapokaa sawa, na shata yake hufika 1/8000 ya sekunde. Mwenye lenzi za AI achague F100 au F4. Mwenye mchanganyiko, EOS.