Mstari Mmoja Ukifutwa

Mtu wa Tarime mwenye safari ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, hana budi kuuvuka Mto Mara. Anaweza kupitia Nyamongo akavuka huko juu. Anaweza pia kushika barabara kuu ya Musoma, akavuka Daraja la Kirumi, akakunja Makutano na kuingia Mugumu kwa kupitia Nata. Mzunguko huo ni mrefu, na mwenye haraka ataona ni upotevu wa nauli. Lakini siku njia ya juu isipopitika, mgonjwa wake atapitishwa wapi?

Chukua kalamu, ndugu msikilizaji. Weka nukta nne: Tarime, Nyamongo, Mugumu na Makutano. Ziunganishe kwa mistari ya hizo barabara. Kona, milima na vumbi visahau. Wanahisabati huuita mchoro huo grafu, na wala si ile ya kupanda na kushuka tuliyochorewa ubaoni sekondari. Umepata duara. Futa mstari wowote mmoja, na bado kila nukta inafikika. Sasa ongeza kijiji chenye njia moja tu, kisha ifute. Kijiji kimekuwa kisiwa. Mstari wa namna hiyo katika elimu hii huitwa daraja, hata kama chini yake hamna tone la maji.

Elimu yenyewe ilianzia kwenye madaraja ya kweli. Mwaka 1735 Leonhard Euler alithibitisha kwamba mtu hawezi kuyapita madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, bila kurudia. Hakuhitaji kwenda kuyatembea, maana alihesabu ni mangapi yanagusa kila upande wa mji. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza kwa kijiti na mchanga, na inasikitisha kwamba wengi hukutana nayo chuo kikuu, kama wakibahatika kufika.

Mwaka 1926 Otakar Borůvka alionyesha jinsi ya kuunganisha miji ya Moravia kwa waya wa umeme mfupi kuliko wote. Mtandao wa namna hiyo hauna duara hata moja, kwa hiyo kila mstari wake ni daraja. Nguzo moja ikianguka, kuna watakaolala gizani. Mhasibu huufurahia zaidi kuliko fundi wa zamu.

Basi tuongeze tu mistari? Mwaka 2010 serikali ilikuwa na mpango wa barabara ya lami kutoka Musoma kupitia Mugumu na Loliondo hadi Arusha. Kilomita 53 hivi zingepita ndani ya Hifadhi ya Serengeti, na humo kuna mchoro mwingine, usio wetu. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka kati ya nyanda za kusini na Masai Mara ya Kenya, wakiuvuka Mto Mara huohuo. Mstari wetu ungelikata duara lao. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba lami hiyo hifadhini ingekiuka Mkataba wa Jumuiya.

Nyumbu wakabaki na duara lao. Mtu wa Mugumu aendaye Arusha akabaki na mawili: kukatiza hifadhi kwa barabara ya vumbi na kulipa ada, au kuzunguka Mwanza, Shinyanga na Singida.