Git, Mercurial na kazi ya watu wengi: kipi cha kuchagua?

Vijana wetu wengi hapa Maskati, Dubai na Doha wanasoma kompyuta, na wazee huniuliza: hiyo Git wanayoitaja kila siku ni kitu gani? Nimeona niieleze, kwani na mimi nimo katika kazi ya namna hiyo. Tuko watu wachache, wengine Unguja, wengine Maskati, mmoja London, tunatengeneza programu huria ya kukusanya maneno ya Kiswahili cha wazee wetu.

Programu, kwa asili yake, ni maandishi. Watu watano wakitumiana faili moja kwa WhatsApp, baada ya wiki yapo mafaili matatu, yote yameitwa "la mwisho". Kwetu faili la zamani liliwekwa juu ya jipya, na maneno ya jikoni tuliyoyapata kwa bibi mmoja yakapotea. Bibi keshafariki, Mungu amrehemu. Hakuna wa kumuuliza tena.

Dawa ni chombo kinachotunza kila badiliko: nani kabadilisha nini, lini, na kwa nini. Vya zamani, kama Subversion, viliweka historia yote kwenye kompyuta moja kuu. Usipoifikia, huwezi kuandikisha kazi yako. Vya sasa humpa kila mtu nakala kamili, historia yake yote ndani. Mwenzetu wa shamba Unguja hufanya kazi mtandao ukiwa umekatika, kisha ukirudi anaunganisha yake na yetu. Kompyuta moja ikiungua, nakala nyengine zipo.

Viwili maarufu vilizaliwa mwezi mmoja, Aprili 2005. Waliokuwa wakitengeneza Linux walinyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, chombo cha kampuni. Linus Torvalds akaandika Git. Mercurial nayo ikaanzishwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kipi uchague? Mfano ninaoupenda ni wa lugha ya Python. Walipotaka kuiacha Subversion, walipima Bazaar, Git na Mercurial kwa kazi zao halisi. Git ilikuwa bado dhaifu kwenye Windows, na baadhi yao hawakuipenda; Bazaar ilionekana nzito. Mwaka 2009 wakaamua Mercurial, wakahamia 2011. Lakini wachangiaji wapya walikuwa wamezoea Git, na 2017 Python nayo ikahamia GitHub. Bitbucket, iliyoanza kwa kuhifadhi Mercurial, iliacha kuipokea mwaka 2020.

Kwa maoni yangu Mercurial ni rahisi zaidi kumfundisha mgeni, na amri za Git zinachosha. Hata hivyo tulichagua Git. Kijana anayetaka kujitolea jioni baada ya kazi hatajifunza chombo kipya kwa ajili yetu. Atakuja na anachokijua.

Msichanganye Git na GitHub. Git ni chombo, huria, chako. GitHub ni nyumba ya kupanga, ya kampuni ya Kimarekani. Julai 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, watumiaji wa Iran na Syria walifungiwa sehemu ya huduma zake. Wa Iran walifunguliwa Januari 2021. Sisi tunaoishi Ghuba tusilichukulie hilo kuwa la mbali. Ndiyo maana nakala yetu ya pili iko kwenye kompyuta nyengine, tunayoilipia wenyewe.

Na kumbukeni, chombo hiki hakisahau. Ukifuta jina la mtu leo, kwenye historia bado lipo, na kila mwenye nakala ataliona. Kuling'oa kunawezekana, lakini ni kazi ngumu, na nakala zilizokwisha sambaa huzipati. Kwa hiyo majina ya wazee, ukoo na simu zao hatuyaingizi humo kabisa. Yamo katika daftari la karatasi, nyumbani kwa mmoja wetu. Sauti zao nazo tunazihifadhi pengine, kwani mafaili makubwa huifanya Git iwe nzito kwa kila mtu.