Rai ya Mtu na Kalamu za Wengi

Mwezi wa Juni mwaka 2005 gazeti la Los Angeles Times la Marekani lilithubutu jambo ambalo wahariri wa zama zilizopita wangelihesabu kuwa ni wazimu, nalo ni kuiweka katika intaneti tahariri yake juu ya vita vya Iraki, kisha kuwaruhusu wasomaji waifute, waiongeze na waipindue kama nafsi zao zilivyotaka. Mfano ulikuwa Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2001. Hazikutimia siku tatu, mafasiki wakapachika picha za aibu mahali pa maneno, na mlango ukafungwa.

Wengi waliwalaumu mafasiki hao, lakini kwa rai yangu ila ilikuwapo kabla yao. Jimmy Wales, mmoja wa waasisi wa Wikipedia, aliwahi kupendekeza waraka ule ugawanywe mara mbili, kwani waliounga mkono vita na waliovipinga hawakuweza kukaa katika aya moja. Kina cha ziwa au mwaka wa kufa sultani watu mia huweza kuusahihisha wakaafikiana, maana habari hiyo haina mwenyewe. Ama maoni, yaliyotoka katika dhamiri ya mtu mmoja, yakishatiwa mikono mia hayawi tena ya yule wala ya hawa.

Washairi wa pwani yetu walikuwa na njia ya kuingia katika kazi ya mtu bila ya kuidhulumu. Katika takhmisa, kama ile ya Liyongo inayonasibishwa kwa Sayyid Abdalla bin Nasir, mtunzi hutanguliza vipande vitatu vyake mbele ya viwili vya mwenziwe, kwa kina kile kile, ubeti ukatimia vipande vitano, na msikilizaji mjuzi asitatizike kutambua kipi cha nani. (Wanakili, kwa hakika, hawakuwa malaika: nakala za utenzi wa Al-Inkishafi zinahitilafiana.)

Mtu atasema kwamba Wikipedia nayo huhifadhi kila badiliko, na tarehe yake na jina alilojiita aliyelifanya. Ni kweli, lakini anayefungua gazeti asubuhi, chai i mkononi, hapekui daftari la mabadiliko, bali husoma yaliyo mbele ya macho yake na kuyachukua kuwa ndiyo kauli ya gazeti, hata kama yameandikwa usiku huo na mtu ambaye mhariri hamjui.