Dizeli Ndogo ya Al-Malqa



Nimetakiwa na wahariri wa kitabu chetu nieleze habari ya kelele zangu, maana uvumi umekwisha kufika Mombasa kwamba mzee wa Al-Malqa ameshikwa na wazimu wa kuunda ndege. Ndege sijaunda. Nilichounda, mimi na mjukuu wangu, ni injini yake: dizeli inayotosha kiganjani, kipenyo cha silinda milimita 10, mwendo wa pistoni milimita 12. Ujazo wake haufiki hata sentimita moja.

Mtauliza, dizeli gani isiyo na pampu wala nozeli? Swali la haki. Katika lori, hewa hubanwa kwanza ndipo mafuta yakapulizwa ndani. Hii yetu huvuta hewa na mafuta pamoja kupitia kabureta, ikavibana mpaka vikawaka vyenyewe, bila plagi wala betri. Waswisi waliiuza ya kwao, Dyno, tangu 1941; Waingereza wakaja na Mills mwaka 1946. Kichwani mwa silinda mna pistoni ya pili, isiyokwenda, inayosukumwa na skrubu. Ukikaza skrubu, hewa hubanwa zaidi. Ufundi wote wa kuiwasha umo katika skrubu hiyo na sindano ya mafuta.

Marehemu baba alikuwa mkerezaji. Mimi nilikuwa mtu wa kalamu, na kwake nilirithi jiliwa, tupa kadhaa, na maikromita ya inchi. Ramani yetu ilikuwa ya milimita, basi kila kipimo tulikihesabu mara mbili, na mara moja tukakosea; pistoni ya kwanza sasa ni kizibo cha karatasi mezani pangu. Silinda tulimpelekea ndugu yangu Jeddah, mwenye mashine kubwa ya kukerezea. Kazi ilikuwa safi, ila ilikaa kwake wiki mbili bila kupakwa mafuta, na hewa ya Bahari ya Shamu haina huruma: ilirudi na madoa ya kutu.

Kusaga ndiko kulikotuchosha. Pistoni haina ringi. Kinachozuia hewa isivuje ni kule kulingana kwake na silinda tu. Inatakiwa iteleze chini kwa urahisi, na ikifika juu ibane kidogo. Husagwa kwa dawa laini, ukaoshwa, ukapimwa, ukasagwa tena. Tulifanya hivyo jioni kumi na moja. Vumbi la Riyadh likiingia mara moja tu, kazi ya wiki imekwaruzika.

Sasa nieleze lile ambalo mke wangu amesema nisipolieleza, ataliandika yeye.

Mafuta ya injini hii ni mafuta ya taa, mafuta ya mbarika na etha, kiasi sawasawa. Etha ndiyo inayowaka kwa kubanwa. Lakini etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na Julai yetu mnaijua. Nami, kwa akili zangu za uzee, niliweka chupa katika stoo iliyo ubavuni mwa jiko, isiyo na kiyoyozi. Kizibo kiliruka. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji, ukitafuta moto. Mke wangu alikuwa akipika wali. Alisikia harufu ya hospitali, akafunga gesi, akawatoa wajukuu wanne nje. Nilirudi msikitini adhuhuri nikawakuta barabarani juani, mdogo hana viatu.

Hakunigombeza. Usiku alinambia, "Baba Salma, ningechelewa dakika ngapi?" Sikuwa na jibu, na sinalo mpaka leo.

Injini ilifungwa kitambaani miezi sita. Sikuthubutu kuitaja. Aliyekwenda kwa bibi yake ni mjukuu, kwa adabu, akarudi na masharti: siku za baridi tu, uani tu, mafuta ya kutosha kuwasha mara moja, na kinachobaki hakiingii ndani ya nyumba.

Januari, baada ya sala ya alfajiri, tuliifunga kwenye ubao na kuitia pangaboi. Nilipiga kwa kidole mpaka kikachunika. Mafuta yalijaa silindani, nikalazimisha. Mafuta hayabaniki kama hewa, konrodi ikapinda. "Babu, ungelegeza skrubu," akasema mtoto, na alisema kweli. Tulichonga nyingine kwa wiki mbili.

Mara ya pili nilimwachia yeye. Alilegeza, akapiga, akakaza robo, akapiga. Ikakohoa mara mbili, kisha ikalia, sauti kali kama nyuki wa chuma, moshi wa mbarika ukatanda uani. Sekunde arubaini, mpaka mafuta yakaisha. Bibi yake alikuwa mlangoni, mkono juu ya kitasa. Akauliza, "Imekwisha?" Akajibiwa imekwisha. Akasubiri moshi uondoke, ndipo akafungua mlango.

Kuirusha huku mjini bila ruhusa hakuna, basi msiulize habari za ndege. Atakayetaka kuisikia aje majira ya baridi, mapema, kabla jua halijapanda. Ukishaingia Aprili, siiwashi kwa ajili ya mtu yeyote.