Kamyoneti nyepesi ao nzito? Tupime mzigo kwanza

Katika mikutano ya Bunyakiri kuna swali moja linalorudi kila mara mavuno yakiisha kuuzwa: tununue gari gani? Wamoja wanataka kamyoneti nyepesi, aina ya Toyota Hilux, juu haikunywi sana mazutu. Wengine wanasema hapana, bila Land Cruiser tutalala njiani. Mabishano yanakuwa makali, na mara nyingi anayeshinda ni yule mwenye sauti kubwa.

Hatusemi kama wamoja wana haki na wengine hawana. Lakini gari ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote ambavyo koperative nyingi zitanunua. Ikichaguliwa vibaya, akiba ya miaka ya mama na baba wanaolima inabaki imesimama kwenye garaje. Ndiyo sababu tunaomba jambo moja: kabla ya kutaja aina ya gari, tupime mzigo wetu, njia yetu na safari zetu.

Jina la gari haliko mzigo wake

Kule Marekani, kamyoneti ziliitwa zamani kwa mzigo ziliobeba: nusu tani, robo tatu ya tani, tani moja. Nusu tani ilikuwa kama kilo 450 tu. Majina yale yalibaki, lakini magari yalibadilika. Leo Ford F-150 inaitwa bado ya nusu tani, na inabeba kupita pale. Jina ni desturi, si kipimo.

Hata kwetu ni vile vile. Watu wanafikiri Land Cruiser inabeba mara mbili ya Hilux. Kwa kweli, kwa karatasi, zote mbili ziko karibu na tani moja, kufuatana na mwaka wake na kabini yake. Gari ya kabini mbili inabeba watu wengi lakini mzigo kidogo.

Namna ya kujua ni nyepesi. Tafuta kwenye karte roze, ao kwenye kibamba cha chuma karibu na mlango, tarakimu mbili: PTAC, ndiyo uzito wote unaokubaliwa gari ikiwa imejaa, na uzito wake ikiwa tupu. Toa ya pili katika ya kwanza. Tuchukue mfano: PTAC kilo 3,000, gari tupu kilo 2,000. Inabaki kilo 1,000. Lakini shofere, msaidizi wake na mjumbe wa koperative ni karibu kilo 200. Litre 80 za mazutu ni karibu kilo 67. Kuna tena kamba, jeki na mbao za pembeni. Mzigo wenu wa kweli haupiti kilo 730: mifuko 7 ya maharagwe ya kilo 100, ao bidoni 38 za mafuta ya mawese za litre 20. Hiyo ndiyo "tani moja" yenu.

Basi tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika uvumilivu. Land Cruiser pikapu ya aina ya 79, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1999, ina ekseli nzima ya chuma mbele na nyuma, na shasi ngumu. Ikiingia shimoni kila siku na mzigo, inakubali. Hilux za miaka hii zina magurudumu ya mbele yanayocheza kila moja peke yake. Hiyo ni nzuri kwa mwendo na kwa mgongo wa shofere, lakini ina viungo vingi, na katika mashimo viungo vile ndivyo vinavyokufa kwanza.

Kwa upande wa motere, Land Cruiser nyingi tunazoziona zina motere ya 1HZ: pistoni 6, litre 4.2, haina turbo, pampu yake ni ya mekanike tupu. Mekanisie wengi wa Bukavu wanaijua. Hilux mpya ina motere ndogo yenye turbo na pampu ya shindano kubwa inayoongozwa na elektroniki. Inakunywa kidogo. Tena kwenye miinuko turbo inasaidia, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na motere isiyo na turbo inapoteza nguvu. Lakini ile pampu haisamehe mazutu chafu. Mazutu inayouzwa kwa bidoni pembeni ya barabara mara nyingi ina maji na vumbi. Mwenye kuchagua gari ya elektroniki achague pia kuchuja mazutu, kumwaga maji ya filtre na kubadilisha filtre mbele ya wakati. Asipofanya vile, faida yote ya kunywa kidogo itaisha kwa kununua enjektere.

Njia yetu inapanda na mzigo

Kutoka Bukavu mpaka Bunyakiri ni kama kilomita 80. Ukifika Miti unaacha barabara ya kando ya ziwa na kufuata RN3, ile inayoelekea Walikale na Kisangani. Inapita Tshivanga, katikati ya Parc ya Kahuzi-Biega, kwa urefu wa zaidi ya mita 2,000, kisha inashuka kwetu ambako kuna joto na michikichi.

Tuangalie vizuri: gari inayokuja kutoka Bukavu na chumvi na sabuni inashuka kwetu. Gari inayotoka Bulambika na mawese, muhogo na maharagwe inapanda. Mzigo mzito ndio unaopanda, tena toka Septemba mpaka Mei inapanda katika matope. Gari isichaguliwe kwa siku nzuri ya Julai. Ichaguliwe kwa Novemba.

Hesabu ya mazutu kwa kila tani

Wengi wanauliza: gari inakunywa litre ngapi kwa kilomita 100? Swali lile ni nusu tu. Ulizeni: inakunywa litre ngapi kwa kila tani iliyofika sokoni?

Tufanye hesabu ya mfano kwa kwenda na kurudi, kilomita 160. Tarakimu za mazutu ni za mfano tu. Ninyi wekeni zile shofere wenu anaandika.

Kamyoneti nyepesi, litre 14 kwa kilomita 100: safari inakula litre 22.4. Ikibeba kilo 700, ni litre 32 kwa tani.

Kamyoneti nzito, litre 18 kwa kilomita 100: safari inakula litre 28.8. Ikibeba kilo 900, ni litre 32 kwa tani, sawasawa na ile nyepesi. Ikibeba kilo 500, sababu wanachama hawakuleta, ni karibu litre 58 kwa tani.

Kamio ya tani 5, litre 30 kwa kilomita 100: safari inakula litre 48. Ikijaa, haifiki litre 10 kwa tani.

Hapa kuna mafundisho mawili. La kwanza: gari nzito isiyojaa inakula kese ya koperative kimya kimya. La pili ni kubwa zaidi: kwa safari ya Bukavu, kamyoneti yoyote, nyepesi ao nzito, inashindwa na kamio iliyojaa. Hata malipo ya njiani, kwenye bariere, yanagawanyika kwa mifuko mingi. Kwa hiyo koperative yenye tani 5 za kuuza ikodi kamio kwa siku moja. Haina lazima ya kununua gari ya kwenda Bukavu mara 6 ao 7.

Kazi ya kamyoneti ni kukusanya

Basi kamyoneti ni ya nini? Ni ya kutoa mavuno kule mashambani mpaka depo ya koperative. Kule kamio haifiki. Kule mpaka leo mzigo unatoka kwa mgongo wa mama: kilo 40, kilo 50, kamba kwenye paji la uso, saa nyingi za kutembea, mtoto mbele. Na mama akifika barabarani amechoka, mnunuzi anajua hawezi kurudi na mzigo nyumbani. Anataja bei anayotaka yeye, na mama anakubali.

Pale ndipo kamyoneti inaleta faida. Safari ni ya kilomita 10 ao 15, mazutu ni kidogo, na mzigo unangojea deponi mpaka bei iwe nzuri. Kwa kazi ile, swali la nyepesi ao nzito linapata jibu lake katika njia ile ile ya kijiji: mteremko mbaya kuliko yote uko namna gani, na madaraja ya miti yana nguvu gani? Tembeeni kwa miguu na shofere mwenye ufundi, siku ya kisha mvua, mbele ya kuuliza bei.

Punguzeni maji mbele ya kupakia

Sisi watu wa kilimo tunapenda kukumbusha jambo hili: sehemu kubwa ya mzigo wetu ni maji na takataka. Muhogo mbichi ni maji kupita nusu yake, na unaanza kuharibika katika siku 2 ao 3 kisha kungolewa. Kilo 3 za muhogo mbichi uliomenywa zinatoa karibu kilo 1 ya koseti kavu. Kahawa mbivu, karibu kilo 5, inatoa kilo 1 ya parche kavu. Vichana vya michikichi navyo, inafaa kubeba mafuta yake, si vichana.

Koperative inayokausha muhogo kwenye tangali safi, ama kwenye vitara vya miti, inapunguza safari zake kwa tatu. Mara nyingi tangali na mashini ndogo ya kukata vinafanya gari nyepesi itoshe pale ambapo walifikiri wanahitaji nzito. Na bei ya vitu vile iko chini sana ya bei ya gari.

Kuzidisha mzigo ni kukopa kwa chuma

Tunasikia: "Gari ni chuma, ongeza mifuko mitatu." Chuma inakubali leo na inadai kesho. Mzigo ukipita kipimo, resore zinalala, freni zinachelewa kwenye mteremko wa kushuka Miti, na mipira inapasuka. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele ya gari inakuwa nyepesi na usukani hausikii. Wekeni vitu vizito chini, karibu na kabini, na msipandishe watu juu ya mifuko.

Barabara nayo inateseka. Miaka 1958 mpaka 1960, huko Illinois, Marekani, walipitisha kamio za uzito mbalimbali juu ya barabara za majaribio, tena na tena. Walikuta kwamba ekseli ikiongezewa uzito mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Zile zilikuwa barabara za lami na saruji. Zetu ni udongo tunaotengeneza wenyewe kwa salongo, na jembe na chepeo. Anayezidisha mzigo anaharibu kazi ya jirani yake.

Namna ya kuamua

Kamyoneti nyepesi inawafaa kama mzigo wa kawaida wa safari haupiti kilo 700, njia za vijiji zinapitika miezi mingi, na koperative iko tayari kuchunga usafi wa mazutu. Kamyoneti nzito inawafaa kama njia ni ya matope na mawe kila siku, na mzigo wa kuijaza uko kwa kweli mwaka mzima. Kama mzigo uko miezi 3 tu, kodini. Kukodi si aibu.

Uamuzi usifanywe na prezida na mweka kese peke yao. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inataka sehemu ya faida iwekwe kuwa akiba. Gari isile akiba ile. Kila mwezi wekeni pembeni pesa ya mipira, ya piese, ya asiransi na ya gari itakayofuata. Koperative isiyoweza kuweka pesa ile haijafika kununua gari, hata kama bei ya kununua iko mkononi.

Mbele ya mkutano mkuu ujao, tunaomba kila koperative ilete daftari la miezi 3 lenye mambo manne: kilo zilizopimwa kwa mizani kila siku ya soko, vijiji zilikotoka, pesa iliyolipwa kwa kubeba, na kilo zilizooza ama kuuzwa kwa bei ya hasara kwa kukosa namna ya kuzitoa. Someni daftari lile kwa sauti mbele ya wote, hata wasiojua kusoma wasikie. Mkisikia tarakimu zenu wenyewe, mtajua kama ni nyepesi, kama ni nzito, ama kama ni tangali na kamio ya kukodi. Na mama anayebeba kilo 50 mgongoni awe wa kwanza kupewa neno, juu yeye ndiye gari tunayotumia mpaka leo.